Swift Sport ya zamani ikiachwa na mpya: kutafuta kasoro ya mchomoko

Mpwa wangu aliniletea gari lake Jumamosi moja asubuhi, Swift Sport ya mwaka 2007, ile ambayo namba yake ya chasisi inaanza na ZC31S. Aliliegesha mbele ya gereji yangu hapa Ngamiani, Tanga, akazima, akabaki ameshika usukani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona hushuki?"

"Injini imekufa, mjomba. Nimekuja kuuliza bei ya injini ya mtumba."

Nikamwambia awashe. Ikawaka mara moja, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga pedeli) ikatulia, hakuna moshi wala mlio wa ajabu. Kumbe jana yake walikuwa wanakwenda Muheza, yeye na rafiki yake mwenye Swift Sport ya 2018. Wamepita Pongwe, mbele yao lori lililosheheni saruji linakwenda kama kilomita 60 kwa saa. Rafiki akawasha indiketa, akakanyaga, akapita. Mpwa wangu akafuata kwa gia ileile ya nne, akakanyaga hadi pedeli ikagusa zulia, gari likavuma tu. Akaona basi linakuja mbele, akarudi nyuma ya lori moyo ukimdunda. Magari mawili ya jina moja na ya kampuni moja, na kwenye karatasi farasi zao, yaani nguvu za injini, zinakaribiana: 125 kwa 140.

Kesi hii naipata mara nyingi. Jina la gari tu ndilo linabadilika: leo Swift, kesho RunX, keshokutwa Altezza au Civic au Golf GTI. Kinachoniuma ni kuona kijana anabadilisha injini, au anauza gari zima kwa bei ya kutupa, kwa sababu ameshindana na gari lililozaliwa miaka kumi baadaye. Ukiwa na malalamiko ya mchomoko, yaani jinsi gari linavyoongeza kasi, tenganisha maswali mawili kabla ya kushika spana. Je, gari lako linazidiwa na jipya? Au linazidiwa na lenyewe, yaani na jinsi lilivyotoka kiwandani? La kwanza halitibiki kwa spea. La pili lina dawa, na mara nyingi dawa yake ni ya bei ndogo.

Chini linaachwa, juu linavuta

Dalili hii inapotosha wengi, na kwa kawaida si ugonjwa. Ukiwa gia ya nne na mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) uko 2,500, unakanyaga mpaka mwisho na gari linajivuta polepole. Lakini ukishusha gia na kuliacha lipande, kuanzia rpm 5,000 unasikia linakusukuma mgongo kwenye kiti. Gari la namna hiyo ni zima.

Tazama hesabu. Injini ya ZC31S ni M16A ya lita 1.6 isiyo na turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada. Inatoa farasi 125 ikifika rpm 6,800, na nguvu yake kubwa ya kuzungusha, yaani msokoto, ni Nm (nyutoni mita) 148 kwenye rpm 4,800. Swift Sport iliyotoka mwaka 2017, ZC33S, ina lita 1.4 tu, lakini ina turbo: farasi 140 kwenye rpm 5,500, na msokoto wa Nm 230 kuanzia rpm 2,500 hadi 3,500. Ukitazama farasi peke yake utasema tofauti ni 15. Sasa zidisha msokoto kwa mzunguko, upate nguvu iliyopo palepale unapokanyaga. Kwenye rpm 2,500 injini mpya inatoa farasi kama 82. Ya zamani, hata ukiipendelea ukadhani msokoto wake wote wa 148 unapatikana kule chini (na haupatikani), haivuki farasi 53. Ongeza na uzito: jipya la gia za mkono lina kilo 970, la zamani limevuka 1,050.

Kwa hiyo pale nyuma ya lori mpwa wangu hakuwa na farasi 125. Alikuwa na chini ya 50, na mwenzake alikuwa na karibu 80. Ndiyo maana nasema injini haikufa, ilikuwa imelala. Magari hayohayo mawili yakianza yamesimama, kila moja likipandishwa mpaka kilele chake, tofauti inapungua sana: takwimu za kiwanda kwa soko la Ulaya, kutoka 0 hadi 100, ni sekunde 8.9 kwa la zamani na 8.1 kwa jipya.

Habari ni hiyohiyo kwa Honda. Civic Type R ya 1997, ile EK9, ina lita 1.6 na farasi 185, lakini unazikuta kwenye rpm 8,200, na msokoto wake ni Nm 160 kwenye 7,500. Type R ya 2017, FK8, ina turbo, farasi 320, na Nm 400 zinazoanza kwenye rpm 2,500. Mwenye EK9 asiyethubutu kupita rpm 5,000 amenunua Civic ya kawaida yenye beji nyekundu.

Kinachosahaulika ni uzito, maana si kila jipya ni jepesi kama ile Swift. Golf GTI ya kwanza, ya mwaka 1976, ilikuwa na farasi 110 na uzito wa kilo 800 na kitu, ikifika 100 kwa sekunde 9 hivi. Ya kizazi cha nane ilitoka na farasi 245, ikifika kwa sekunde 6 na robo. Farasi zimezidi mara mbili, muda umepungua kwa theluthi tu, kwa sababu gari jipya limevuka kilo 1,400. Mwenye gari la zamani, wepesi ndio mtaji wako, usiuchezee. Watu wazima wanne ni kama kilo 280, yaani robo ya uzito wa ZC31S nzima. Boksi la spika kwenye buti, tairi la akiba la rimu ya chuma lisilo saizi yake, na vyuma vya kazi unavyotembea navyo mwaka mzima, vyote hivyo injini ndogo inavihisi.

Dawa ya dalili hii ni mguu na mkono wako. Aliyezoea turbo akikaa kwenye gari la zamani hubadilisha gia kwenye rpm 3,500, akashuka akisema gari bovu, na hajawahi kukutana na injini yake. Na aliyezoea la zamani akipewa lenye turbo hulivuta mpaka mwisho wa mshale, mahali ambapo mara nyingi nguvu imeshaanza kuporomoka, akasema mbona ni la kawaida tu. Nilimpandisha mpwa wangu pembeni, tukaenda njia ileile. Tukiwa bado nyuma ya lori, na mbele kukiwa kweupe, nikashusha kutoka ya nne hadi ya pili, mshale ukaruka karibu na 4,000, ndipo nikatoka. Aliniangalia kama mtu aliyebadilishiwa gari. Lakini hata hivyo nilisikia kuna kitu kinalishika. Halikuwa linavuta kama ZC31S nyingine ninazozijua, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Pima kabla ya kufungua boneti

Hisia za mwili hudanganya. Gari la zamani lina kelele, linatetemeka, unadhani linakimbia. Jipya limezibwa sauti, unadhani limesimama. Pata namba.

Mimi hupima kutoka 40 hadi 80 kwa gia ya tatu, halafu kutoka 40 hadi 80 kwa gia ya pili. Aliyekaa pembeni anarekodi dashibodi kwa simu, nyumbani unaangalia video na kuhesabu sekunde. Gia ya tatu inakuonyesha afya ya chini, ya pili inakuonyesha afya ya juu. Ikiwa ya tatu ni nzito lakini ya pili ni safi, rudi kwenye sehemu niliyoieleza hapo juu. Zote mbili zikiwa nzito, kuna ugonjwa.

Nenda na urudi njia ileile, kisha chukua wastani. Sisi wa pwani tunaijua kusi ikivuma: ukiwa nayo mgongoni kila gari ni zuri. Mafuta yawe nusu tangi, kiyoyozi kizimwe, upepo wa tairi uwe sawa, mtu wa pembeni awe yuleyule. Rudia mara tatu. Na naomba sana: tafuta kipande kisicho na nyumba wala kituo cha bodaboda, asubuhi mapema. Kwenye makazi kikomo ni 50, na watoto wa shule hawajui kwamba wewe unafanya utafiti. Ukikosa kipande kama hicho, usipime.

Ukitaka kulinganisha magari mawili tofauti, usitegemee spidomita zao. Kanuni ya kimataifa inaikataza spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli, lakini inairuhusu kuzidisha hadi sehemu moja ya kumi na kilomita 4 juu yake. Viwanda vingi hujilinda kwa kuzidisha, kila kimoja kwa kiasi chake. Tumia programu ya simu inayosoma mwendo kwa GPS kwa magari yote mawili. Kwa gari lako mwenyewe, kabla na baada ya matengenezo, spidomita yake inatosha mradi hujabadilisha saizi ya tairi.

Je, gari ni lile unalodhani?

Hili ni fupi lakini limewaokoa watu pesa nyingi. Soma namba ya chasisi. Swift iliyofungwa bampa na viti vya Sport lakini chasisi inasoma ZC21S ni ya 1.5 ya kawaida. Altezza ina sura moja na injini mbili: SXE10 ni RS200 yenye silinda nne na farasi 210 kwa gia za mkono, GXE10 ni AS200 yenye silinda sita na farasi 160. Nimeshaletewa GXE10 "iliyokosa nguvu" ambayo haikukosa chochote. Na hata RS200 yenyewe, ya otomatiki ilitoka na farasi 200, si 210. ZC31S ya otomatiki ina gia nne tu, kwa hiyo kila gia inatumika mbali zaidi ya ilivyo kwa zile tano za mkono, na mchomoko wake lazima upungue. Usimlaumu fundi kwa alichokiamua mhandisi.

Injini inavuma, gari haliendi

Hapa nguvu inazalishwa lakini inapotea kabla ya kufika barabarani. Ni sehemu ninayoianza siku zote kwa sababu haihitaji kununua kitu.

Klachi kwanza. Ukiwa gia ya nne, mwendo kama 50, kanyaga hadi mwisho na utazame mishale miwili. Rpm ikiruka juu huku mwendo ukibaki nyuma, klachi inateleza. Mara nyingi utasikia pia harufu ya kuungua ukipanda mlima.

Kisha breki zinazoshika, na hili kwa mji wa bahari kama wetu ni janga la kimyakimya. Pini ambazo kaliper (kibanio cha breki pedi) inateleza juu yake hukauka grisi, chumvi ya hewa ikaingia, kutu ikamaliza. Breki pedi haziachii diski hata ukitoa mguu. Endesha kilomita kumi bila kukanyaga breki sana, simama, karibisha kiganja kwenye kila rimu bila kugusa. Inayotoa joto kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Ukiwa na shaka, nyunyiza matone ya maji kwenye diski: yakichachatika kama mafuta kwenye kikaango wakati upande wa pili yanatiririka tu, umepata jibu.

Gari la mpwa wangu, nyuma kushoto, lilichachatika. Anakaa Raskazone, gari linalala nje linaangalia bahari. Nilipoipiga jeki, gurudumu halikuzunguka kwa mkono mmoja. Ilibidi nitumie yote miwili. Pini ya chini ya kaliper haikutoka mpaka nilipoipaka dawa ya kutu na kuigonga kwa nusu saa. Ilipotoka ilikuwa ya rangi ya udongo wa Muheza, imeliwa katikati mpaka ikafanya kiuno, na ndani ya mpira wake kulikuwa na unga mkavu mahali pa grisi. Pedi ya ndani ilikuwa imebaki bati. Gari hilo limeburuta breki kwa miezi, likinywa mafuta ya bure, na mwenyewe anatafuta injini.

Halafu tairi na rimu. Vijana wanapenda rimu ya 18 kwenye gari lililotoka na 16. Rimu nzito ya nakala pamoja na tairi pana ni uzito unaozunguka, na uzito unaozunguka huula mchomoko kuliko uzito uliokaa kwenye kiti, kwa sababu injini inausukuma mbele na kuuzungusha kwa wakati mmoja. Kipenyo kikizidi, ni kama umerefusha gia zote. Rudisha saizi ya kiwandani, pima tena, uone mwenyewe.

Juu linakosa pumzi

Kama klachi na breki ni nzima lakini gari linakataa kupanda baada ya rpm 4,000, tatizo liko kwenye vitu vinne: hewa, moto, mafuta au njia ya moshi.

Fungua kasha la hewa klina. Usiangalie chujio kwa juu tu, litoe uliinue kwenye jua. Kama huoni mwanga, limekwisha. Niliwahi kufungua RunX iliyokuwa inalala jirani na shamba la mkonge, nikakuta panya amejenga kiota kizuri cha nyuzi za katani ndani ya bomba linaloleta hewa. Gari lilikuwa limepelekwa gereji mbili kabla, limebadilishwa plagi na sensa, hakuna aliyefungua klipu nne za kasha. Ukiwa hapo, safisha na sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, si kwa petroli wala kitambaa.

Plagi ni eneo la wizi mtupu siku hizi. Plagi ya iridiamu ya bandia inafanana na halisi mpaka kwenye boksi. Dalili yake ni gari kumisi, yaani silinda kuruka moto, ukikanyaga kwa nguvu tu, likiwa taratibu halina shida. Chomoa koili pia, tazama kama shimo la plagi lina oili. Oili pale inatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, inalainisha mpira wa koili, moto unarukia pembeni.

Kwa mafuta, pima presha ya pampu wakati injini inavuta, si ikiwa sailensa. Pampu iliyochoka hutosheleza sailensa vizuri sana. Chujio la mafuta la magari mengi ya Japani ya miaka hiyo liko ndani ya tangi, ndiyo maana watu hawalikumbuki.

Njia ya moshi: kisafisha moshi kikiziba, gari huwa kama mtu anayekimbia akiwa amefungwa kitambaa puani. Linaanza vizuri, kisha linagoma, na chini ya sakafu kunapata joto lisilo la kawaida. Kipimo cha kienyeji ni kufungua sensa ya oksijeni ya mbele injini ikiwa imepoa, ukaendesha mita chache tu kwa kelele. Nguvu ikirudi, kimeziba. Ukikibadilisha bila kuondoa chanzo, yaani plagi mbovu au injini inayokula oili, kipya nacho kitaziba.

Na kuna jambo moja nalipigia kelele kila siku: themostati, ile valvu inayozuia maji ya injini mpaka yapate joto. Mafundi wetu wengi huitoa na kuitupa, wanasema nchi ya joto haiihitaji. Inahitajika. Bila themostati maji hayafiki joto la kazi ukiwa barabara kuu, kompyuta ya gari inaamini injini bado ya baridi, inazidisha mafuta, na gari linakuwa zito na linanuka petroli. Kama gari lako la zamani lina mshale wa joto unaokaa chini safari nzima, usishangilie. Rudisha themostati, kisha ndiyo uendelee na utafiti mwingine.

Kompresheni (jinsi silinda inavyobana hewa) naipima mwisho, siyo mwanzo. Silinda zote, pedeli imekanyagwa yote. Silinda moja ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya wenzake, tia oili kidogo uipime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama valvu. Hapo sasa, na hapo peke yake, ndipo mazungumzo ya injini ya mtumba yanaweza kuanza.

RunX ya farasi 190 isiyopiga teke

Hii inastahili mahali pake. RunX na Allex za Toyota zenye injini ya 2ZZ-GE, lita 1.8, farasi 190 kwenye rpm 7,600, zina kemu (vinundu vinavyofungua valvu) za aina mbili kwenye shafti moja. Mpaka karibu rpm 6,000 zinatumika kemu ndogo, gari ni la kawaida kabisa. Ikifika pale, presha ya oili inasukuma kipini, kemu kubwa zinashika, na gari linapiga teke ambalo hata abiria aliyesinzia anaamka.

Teke likikosekana, anza na oili. Ikiwa pungufu au nzito mno au imegeuka tope, presha haitoshi. Pili, joto: mfumo haufanyi kazi injini ikiwa baridi, kwa hiyo suala la themostati linarudi tena hapa. Tatu, kichujio kidogo cha valvu inayoongoza oili hiyo, ambacho huziba kwa masizi. Kinaoshwa na kurudishwa. Nne, na huu ndio ugonjwa maarufu wa injini za mwanzo, ni zile bolti zinazoshika shafti ya roka (mikono inayosukuma valvu) na kupitisha oili. Huliwa au hukatika, oili inavuja ndani kwa ndani, teke linapotea bila taa ya injini kuwaka wakati mwingine. Bolti mpya ni kitu kidogo. Nimeona watu wakibadilisha kichwa kizima cha injini kwa ajili ya bolti mbili.

Jipya nalo likishindwa

Usidhani gari jipya halishindwi. Likishindwa, hujificha vizuri zaidi, kwa sababu kompyuta inafunika kasoro.

Sikiliza kwanza. Mlio wa "fuuu" unaokuja ukikanyaga na kutoweka ukiachia ni mpira au klipu ya bomba la turbo inayovujisha hewa. Turbo inafanya kazi, hewa inaishia nje. Mara nyingi ni bomba lililofungwa vibaya baada ya sevisi.

Kama lilikuwa zuri asubuhi na zito mchana, angalia joto. Turbo inabana hewa na kuipasha moto. Kipoza chake kinategemea upepo wa mwendo. Ukikaa foleni au ukikanyaga mara tano mfululizo kwenye joto la Februari, kipoza kinajaa joto, kompyuta inachelewesha cheche za plagi ili kuilinda injini, na farasi zinapungua bila kukuaga. Acha gari lipumue dakika kumi likiwa kwenye mwendo wa taratibu, upime tena.

Mafuta ya oktani ndogo hufanya vivyo hivyo. Magari haya ya spoti, ya zamani na mapya, kwa Japani yaliandikiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kipimo chake cha chini kule ni oktani 96. Ukisikia kugonga kama kokoto kwenye kopo unapokanyaga kwa gia kubwa, injini inakulalamikia. Badilisha kituo unachojaza, tumia matangi mawili kabla ya kuhukumu.

Plagi za gari la turbo zikiwa na pengo kubwa kidogo tu, moto huzimwa na msukumo wa hewa, gari linamisi palepale ambapo turbo inashika. Na injini zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, Golf GTI nyingi zikiwemo, hujaza masizi nyuma ya valvu za hewa, kwa kuwa hakuna petroli inayopita kuziosha. Hayo huondolewa kwa kusafishwa kwa mkono au kwa mashine. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki pale. Mwisho, tazama kama kitufe cha kubana matumizi ya mafuta kimewashwa. Nimeshalikuta.

Mlima wa Lushoto

Wapo wanaoniambia gari ni zuri hapa mjini, lakini wakitoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto linakuwa jingine. Kwa gari lisilo na turbo hiyo ni fizikia. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na presha ya hewa ya pale ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na ya Tanga. Injini inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. ZC31S yako yenye farasi 125 huku chini, kule juu ina kama 107. Yenye turbo huzungusha turbo kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa. Kwa hiyo ukiachwa na gari jipya mlimani kwa pengo kubwa kuliko la mjini, usifungue chochote. Kaa gia ya pili, linda joto, endelea na safari.

Gari la mpwa wangu lilikaa kwangu siku mbili. Nilibadilisha pini za kaliper zote mbili za nyuma, breki pedi, plagi nne halisi na hewa klina, nikarudisha themostati aliyoikuta haipo tangu aliponunua. Rimu za 18 alizivua mwenyewe, kwa shingo upande. Tulipopima tena asubuhi ya Jumanne, barabara ileile, gia ya tatu kutoka 40 hadi 80 ilipungua kwa zaidi ya sekunde moja. Swift ya rafiki yake bado inamwacha kwenye gia ya nne, na itaendelea kumwacha. Lakini wiki iliyopita alinipigia simu akiwa amefika Muheza. "Nimeshusha mpaka ya pili, mjomba," aliniambia, "nikalipita lori nikiwa na nafasi ya kutosha."